Sifa Zilikwenda kwa Hewa

Mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917 Miladia, mtu wa Baghdad aitwaye al-Masudi alipanda chombo katika kisiwa cha Kanbalu, ambacho wanahistoria wengi wanakihesabu kuwa ni Pemba, akarudi Oman. Safari ilimtia hofu. Baadaye aliandika kwamba amepita bahari nyingi, ya China, ya Rum, ya Khazar na ya Yemen, na hakuona iliyo na hatari kuliko bahari ya Zanj. Katika kitabu hichohicho, Muruj adh-Dhahab, aliacha pia habari fupi ya mti. Mchungwa, anasema, uliletwa kutoka India baada ya mwaka 300 wa Hijria, ukapandwa kwanza Oman, kisha ukapelekwa Basra, Iraq na Sham, hata ukajaa katika nyumba za watu wa Tarsus, Antakya na Misri. Lakini huko ulikohamia ulipungukiwa na ile harufu na rangi yake ya India, kwa kuwa haukupata tena hewa, udongo na maji ya kwao.

Tunda alilolisimulia ni danzi, chungwa chungu. Linalovutia ni jinsi tarehe zinavyofuatana. Huenda mti ulikuwa umefika Oman miaka michache tu kabla ya yeye kutia nanga huko akitoka kwetu, na kati ya Oman na pwani ya Zanj vyombo vilikwenda na kurudi kila mwaka. Hakuna haja ya kumtafuta mtu mmoja aliyebeba mche wa kwanza. Njia ilikuwa wazi, na mbegu ya danzi haidai nauli.

Nyuma ya Oman iko India, na nyuma ya India iko kusini ya China na nchi zinazopakana nayo. Wanasayansi waliosoma vinasaba vya jamii hii ya matunda wamegundua kwamba chungwa halikuanza kama tunda la mwituni. Ni chotara wa balungi kubwa la Asia na chenza. Danzi nalo ni chotara wa wazazi hao hao, na limau lina danzi katika ukoo wake. Mwaka 1178 ofisa mmoja wa China, Han Yanzhi, aliandika kitabu kizima juu ya matunda hayo katika wilaya yake ya Wenzhou, akaeleza aina 27, namna ya kuzipandikiza, kuzivuna na kuzihifadhi. Miaka mingi kabla yake, maandishi yanayohusishwa na Ji Han wa karne ya 4 yalitaja kwamba wakulima wa kusini walinunua sokoni viota vya siafu wekundu wa mitini, wakavitundika kwenye michungwa ili wale wadudu waharibifu. Aliyewahi kupanda mchungwa au mkorosho wa pwani bila kutazama matawi anawajua ndugu zao wa Afrika, maji moto, wanaoshona majani kuwa kiota na kumfanya mtu ashuke haraka kuliko alivyopanda. Sisi huwa tunawachoma moto. Wachina waliwalipia fedha, na watafiti wa kilimo wa leo wanaona wako upande wa Wachina.

Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alikuta jamii hii ya matunda imeshakuwa ya wenyeji. Mogadishu alipewa wali pamoja na achari ya malimau, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa aliona migomba, milimau na tunda dogo jeusi mfano wa zeituni lakini tamu sana, ambalo msomaji yeyote wa pwani atalitambua mara moja kuwa ni zambarau. Miaka 170 na zaidi baadaye kulikuwa na machungwa matamu pia. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika katika miongo ya kwanza ya karne ya 16, anaorodhesha mazao ya Mombasa: mtama, mpunga, machungwa matamu na machungu, malimau, makomamanga, na maji mazuri ya kunywa.

Kabla ya Barbosa kulikuwa na Vasco da Gama. Watoto wetu shuleni hufundishwa tarehe za safari yake, majina ya bandari na ugomvi wa Mombasa. Matunda huachwa nje.

Meli zake ziliondoka Lisbon Julai 1497. Januari 1498 zilitia nanga katika mto wa Quelimane, katika nchi inayoitwa leo Msumbiji, zikakaa huko siku 32. Hapo wengi waliugua. Mmoja wao aliyeandika kumbukumbu za safari, na ambaye hakuacha jina lake katika maandishi hayo, anaeleza jinsi miguu na mikono ilivyovimba na fizi zilivyokua juu ya meno mpaka watu wakashindwa kula. Ndiyo kiseyeye. Mwili usiopata vitamini C kwa miezi miwili au mitatu hushindwa kutengeneza zile nyuzinyuzi zinazoshikilia nyama, mishipa na ngozi pamoja. Fizi hutoka damu, meno hulegea, na hata kovu la zamani lililopona huweza kufunguka upya.

Ijumaa ya tarehe 6 Aprili, saa mbili kabla ya alfajiri, meli yao São Rafael ilipanda mwamba. Bara waliona milima mirefu, wakaiita kwa jina la meli. Wanahistoria wanasema ilikuwa milima ya Usambara, na pwani iliyokuwa mbele yao ni Mtangata, kusini ya Tanga. Maji yalipojaa meli ikaelea, na wakati wanasubiri ikawajia mitumbwi miwili. Mmoja ulijaa machungwa. Mwandishi anasema yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno.

Kesho yake walifika Mombasa. Siku ya pili sultani aliwapelekea kondoo, machungwa mengi, malimau na miwa, pamoja na pete ya kuonyesha amani, amani ambayo haikudumu wiki. Wageni waliwatesa mateka wao kwa mafuta ya moto ili wapate habari. Wenyeji nao walijaribu kukata kamba za nanga usiku. Katikati ya vurugu hizo mwandishi anatia sentensi moja ya shukrani: Mungu aliwarehemu, kwa maana mara tu walipofika mji huu wagonjwa wao wote walipona, kwa kuwa nchi hii ina hewa nzuri.

Hewa! Watu wamekula machungwa ya Mtangata Ijumaa, wamekula ya Mombasa Jumapili na siku zilizofuata, fizi zimerudi mahali pake, na sifa zote zinakwenda kwa upepo wa bahari. Simlaumu sana. Kila tabibu wa zama zake angesema vivyo hivyo, na Mombasa kweli ina upepo mzuri. Lakini sentensi hiyo ndiyo historia ya chungwa kwa miaka karibu 300 iliyofuata: dawa iko mkononi na macho yanatazama kwingine.

Safari ya kurudi ilionyesha gharama yake. Kwenda, wakiwa na rubani waliyepewa na sultani wa Malindi, walivuka mpaka India kwa siku 23, maana kusi ilikuwa inaanza. Kurudi waliondoka Oktoba 5, 1498, kabla kaskazi haijashika. Nahodha yeyote wa Malindi angewaambia wangoje. Walikaa baharini miezi mitatu kasoro siku tatu, upepo ukiwakataa au kutulia kabisa. Watu 30 walikufa kwa kiseyeye, na kila meli ikabaki na mabaharia saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi. Walipoingia Malindi Januari 7, 1499, jambo mojawapo la kwanza aliloomba da Gama ni machungwa, kwa sababu wagonjwa walikuwa wanayatamani mno. Yaliletwa kesho yake. Wengi walikuwa wameshapita mahali pa kurudi, wakafa hapohapo, na safari hii mwandishi akailaumu nchi kwamba imewaingia vibaya. Siku chache baadaye walirudi kwenye mwamba ule ule mkabala na Mtangata na kuichoma moto São Rafael, kwa kuwa watu waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Wenyeji walikuja kuwauzia kuku.

Soma tena kisa hicho na uangalie nani aliyejua. Wagonjwa walijua. Hamu yao iliwaelekeza sawasawa, kabla ya tabibu yeyote. Mabaharia wa majahazi hawakuwa na sababu ya kujua, kwani aliyefuata pepo za msimu hakukaa baharini muda wa kutosha kupata kiseyeye. Kwao chungwa lilikuwa chungwa, la kuliwa na la kupewa mgeni.

Wareno wenyewe hawakuwa wajinga. Mwaka uliofuata, 1500, msafara wa Pedro Álvares Cabral ulipewa machungwa Malindi, na safari hii mwandishi mmoja aliandika wazi kwamba waliokuwa na ugonjwa huo walipona kwa hayo. Baadaye walipanda miti ya matunda katika kisiwa cha St Helena, katikati ya Atlantiki, ili meli zinazorudi zipate pa kupumzikia. Hayo hayakuwazuia, mwaka 1505, chini ya Francisco de Almeida, kuiteka na kuichoma Mombasa, mji uliowalisha.

Mwingereza James Lancaster naye alikuwa na maarifa hayo. Huyu ndiye nahodha aliyekaa Zanzibar kuanzia mwishoni mwa 1591 hadi Februari 1592, chombo chake kikiwa cha kwanza cha Kiingereza kufika huko. Alipoongoza meli nne kwenda Asia mwaka 1601, katika meli yake mwenyewe alimpa kila baharia vijiko vitatu vya maji ya limau asubuhi. Watu wake walibaki na nguvu huku wa meli nyingine tatu wakilala chini. Ungedhani mjadala umekwisha hapo. Haukwisha. Maarifa ya nahodha yalikufa na nahodha, malimau yalikuwa ghali na yalioza, na madaktari waliosoma walikuwa na nadharia zao. Miaka ya 1740 kamanda George Anson wa Uingereza aliizunguka dunia. Aliondoka na watu karibu 1,900, na zaidi ya nusu yao hawakurudi, wengi wakiuawa na kiseyeye. Waliouawa na adui walihesabika kwa vidole.

Hofu hiyo ndiyo iliyomkuta James Lind, daktari Mskoti kijana katika meli ya kivita Salisbury. Mei 20, 1747, alichukua wagonjwa 12 wenye dalili zinazofanana, akawalaza sehemu moja, akawapa chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili. Jozi moja ilipewa pombe ya matofaa, nyingine matone ya asidi ya salfa iliyotiwa viungo, nyingine siki, nyingine maji ya bahari, nyingine mchanganyiko wa kitunguu saumu na haradali. Wawili wenye bahati walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Walikula kwa pupa. Baada ya siku sita matunda yalikwisha, lakini mmoja alikuwa ameshakuwa tayari kwa kazi na mwenzake akawekwa kuwauguza wengine. Waliokunywa pombe ya matofaa walipata nafuu kidogo. Waliobaki wakabaki walivyo.

Leo wanafunzi wa udaktari hufundishwa jaribio hilo kama mfano wa kwanza wa kulinganisha tiba kwa haki. Lind mwenyewe hakulipa uzito huo. Kitabu chake cha 1753 ni kinene, zaidi ya kurasa 400, na jaribio lenyewe limechukua aya chache. Sehemu kubwa anaeleza chanzo cha ugonjwa, na chanzo kikuu anachokiona ni unyevu wa hewa ya baharini unaoziba vinyweleo vya ngozi. Hewa tena. Alipofikia suala la kuhifadhi matunda, alishauri maji yake yapashwe moto kwa saa nyingi mpaka yawe mazito, yatiwe kwenye chupa. Alikuwa anaiua dawa kwa mkono uleule ulioigundua, kwa kuwa joto huiharibu vitamini C. Waliojaribu chupa hizo hawakupona, na wapinzani wa machungwa wakapata ushahidi.

Jeshi la majini la Uingereza lilikubali rasmi kugawa maji ya limau mwaka 1795, miaka 48 baada ya jaribio na mwaka mmoja baada ya Lind kufariki, kwa msukumo wa daktari mwingine, Gilbert Blane, aliyekuwa na cheo na marafiki wakubwa. Kiseyeye kilipungua katika meli zao kwa kasi. Kisha wakasahau tena. Katikati ya karne ya 19 waliacha malimau ya Mediterania wakachukua ndimu za makoloni yao ya Karibi, wakidhani ukali ndio dawa. Ndimu ni kali kweli, lakini vitamini yake ni pungufu, na maji yake yalikaa muda mrefu kwenye mapipa. Msafara wa George Nares kuelekea ncha ya kaskazini mwaka 1875 ulikuwa na akiba ya ndimu, na bado ulishikwa na kiseyeye. Baadhi ya wataalamu wakaanza kusema kwamba matunda hayana kazi.

Kilichovunja fundo ni wanyama wadogo. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich, huko Norway, walikuwa wanachunguza ugonjwa mwingine kabisa, wakawalisha simbilisi nafaka tupu. Simbilisi wakapata kiseyeye. Ilikuwa bahati, kwa maana wanyama wengi, mbuzi, paka na panya wakiwamo, hujitengenezea vitamini C ndani ya miili yao. Binadamu, nyani na simbilisi ni miongoni mwa wachache walioipoteza kazi hiyo. Wangetumia panya wasingeona kitu. Baada ya hapo Mhangari Albert Szent-Györgyi aliitenga dutu yenyewe, na alipohitaji kuipata kwa wingi chungwa halikumfaa, kwa sababu sukari yake ilimchanganyia kazi. Alikuwa akiishi Szeged, mji wa pilipili nyekundu. Kutokana na pilipili hizo alipata kilo nzima nzima, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo chungwa si mfalme wa vitamini C. Gramu 100 zake zina miligramu 50 hivi, na mtu mzima kwa kawaida anahitaji kati ya 45 na 90 kwa siku kutegemea shirika unaloliuliza, maana yake chungwa moja au mawili yanatosha. Pera lina zaidi ya mara nne ya hizo. Faida ya chungwa ni kwamba linasafiri vizuri, linakaa, watoto hawalikatai, na huliwa bichi, bila kuguswa na moto. Lina nyuzinyuzi na foleti. Likiliwa pamoja na mchicha au maharage huusaidia mwili kunyonya madini ya chuma, jambo kubwa kwa mama mjamzito, wakati chai juu ya mlo huohuo hufanya kinyume. Kulinywa kama juisi ni kuacha nyuzinyuzi na kubaki na sukari, na mwenye kisukari na alitafune. Kuhusu mafua, sifa zimezidi. Linus Pauling, mshindi wa Nobel mara mbili, aliandika kitabu mwaka 1970 akipendekeza vitamini C kwa wingi dhidi ya mafua. Majaribio mengi tangu hapo yanaonyesha kwamba kwa mtu wa kawaida haizuii mafua, ila huyafupisha kidogo kwa anayeitumia kila siku. Balungi na danzi, kwa upande wao, hugombana na baadhi ya dawa za moyo na za lehemu, kwa hiyo anayetumia dawa hizo amuulize mfamasia kwanza.

Ile milima aliyoiona da Gama inatazama sasa wilaya ya Muheza, iliyo maarufu kwa machungwa Tanzania nzima. Zamani ilikuwa nchi ya mkonge. Leo malori hupakia machungwa ya kwenda Dar es Salaam, Arusha na, kupitia Horohoro, Kenya. Mkulima wa huko huanza na mlimau. Huotesha mbegu zake, na mche ukifikia unene wa penseli huubebesha kikonyo cha Valencia, Jaffa au Msasa. Mlimau hutoa mizizi inayovumilia ukame, kikonyo hutoa tunda, na baada ya miaka mitatu au minne mti huanza kuzaa, mapema sana kuliko mti wa mbegu. Nzi wa matunda ni adui mkubwa, hasa yule wa Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea bara zima. Msimu mkuu wa katikati ya mwaka machungwa hufurika na bei huanguka. Chungwa haliivi baada ya kuchumwa, basi mwenye subira hulihifadhi mtini wiki kadhaa akingoja bei ipande, nzi wakimruhusu.

Tatizo lake jingine ni rangi. Ganda la chungwa hugeuka njano pale usiku unapokuwa wa baridi. Muheza hakuna usiku wa baridi, na tunda lililoiva kabisa hubaki kijani. Barabarani hakuna anayejali: muuzaji humenya, hukata kichwa, hutia chumvi na pilipili, na mteja hunyonya. Kwenye maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam mteja huyohuyo huchukua la njano kutoka Afrika Kusini au Misri, ambalo huenda liligeuzwa rangi chumbani kwa gesi ya ethilini. Ningekuwa mwenye duka ningeweka kisu na sahani mlangoni, nikakata moja la kijani na moja la njano, bila kuandika lipi limetoka wapi.